Mikoko ya Rufiji na Wenye Mitaji

Mto Rufiji hauingii baharini kwa mlango mmoja. Ukaribiapo pwani hugawanyika matawi mengi, ukazunguka visiwa vya tope, mikoko na mpunga, vinavyoelekeana na kisiwa cha Mafia. Msitu huo wa mikoko, wa hekta 53,000 hivi, ni mmoja wa mikubwa kabisa katika Afrika ya Mashariki, wala haukuanza jana kutamaniwa. Tangu kale majahazi ya Bara Arabu yalishuka kwa kaskazi, yakapanda kwa kusi yamesheheni boriti, maana nchi za Ghuba zilikuwa na uhaba mkubwa wa miti ya kuezekea. Katika nyumba nyingi za kale huko, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti.

Katika biashara hiyo mgeni alinunua mti. Hakununua mahali ulipoota. Tofauti hii ilitoweka mwaka wa 1898, Wadachi walipoitangaza mikoko ya delta kuwa hifadhi ya serikali, na Salale pakawa makao ya usimamizi wake. Aliyekata kwa desturi sasa alikata kwa ruhusa na ada, na magome yenye dawa ya kutengenezea ngozi yalipelekwa Ulaya. Waingereza, na serikali huru baada yao, waliushika msingi uo huo. Wenyeji walibaki pale pale, wakilima mpunga na kuulinda kutoka madunguni, lakini katika daftari za misitu wakulima hao waliitwa wavamizi.

Uzito wa neno hilo ulionekana karne moja baadaye. Kampuni ya African Fishing iliomba sehemu ya delta ili ichimbe mabwawa ya kufuga kamba, hekta 10,000 hivi, na mradi ukasifiwa kuwa utaleta kazi na fedha za kigeni. Baraza la Taifa la Mazingira lilishauri usikubaliwe. Mwaka wa 1997 serikali iliukubali. Wako wanakijiji walioutumainia, na haifai kuwacheka, kwani katika visiwa visivyo na barabara ahadi ya mshahara si jambo dogo. Wengine walikwenda Mahakama Kuu kuupinga. Hoja yao ilikuwa nzito: kamba hutaga baharini, lakini watoto wao hukulia katika maji ya mikoko, kwa hiyo bwawa lililochimbwa mahali pa mikoko lingewanyang'anya wavuvi kamba ambao bahari ilikuwa ikiwalea bure. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi kuitetea mbele ya sheria, yaani kwamba ardhi iliyoandikwa kuwa msitu wa serikali ilikuwa na makaburi, minazi na mashamba ya watu.

Mabwawa hayakuchimbwa. Wilaya ya Kibiti ilipokatwa kutoka Rufiji, visiwa vingi vya delta vilikuwa upande wake, na vyombo viendavyo Mafia bado hung'oa nanga Nyamisati, vikipita kati ya mikoko ambayo sheria ingali ikiihesabu kuwa hifadhi ya serikali.