Safu ya Lugha: Motisha, Hamasa na Ari
Juzi nilikuwa uwanjani Bukhungu, hapa Kakamega. Isukuti ikaanza kurindima, ngoma ile ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014. Vijana waliokuwa wamelegea wakaukimbilia mpira. Jirani yangu akasema, "Sasa wamepata motisha." La. Walichopata ni hamasa.

Hamasa tuliipokea kutoka Kiarabu, ikiwa na moto wa ushujaa ndani yake. Huwashwa na ngoma, hotuba au umati. Motisha ni neno la majuzi, tulilolitohoa kutoka Kiingereza: ni kile anachopewa au kuahidiwa mtu ili atie bidii, kama zawadi kwa kila bao, au cheo. Lakini si kila kinacholipwa ni motisha. Mshahara ni haki. Muuguzi aliyecheleweshewa mshahara haombi motisha, anadai chake. Kuliita deni hilo motisha ni kumdhulumu mara ya pili.

Ninalolionea uchungu ni ari, maana tunalisahau. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya fedheha. Kwetu likageuka likawa nguvu ya mtu anayeona haya kushindwa, akajikaza kulinda heshima yake. Haitoki kwa shabiki wala kwa mhasibu. Anayefanya mazoezi alfajiri peke yake, matope miguuni, ana ari.

Basi ndugu mtangazaji, ukiona timu imefungwa matatu na dakika ya 90 bado inakimbia, sema wana ari.