"Wa Wapi Huyo?": Ubishi wa Timu ya Taifa Kule Nkololo

Katika mambo yaliyoingia Usukumani bila amri ya mtu, ubishi wa Simba na Yanga ni mojawapo. Kodi ya kichwa ililetwa kwa amri. Pamba ilisukumwa na serikali ya mkoloni. Vijiji vya 1974 vililetwa kwa malori, na aliyechelewa kuhama alihamishwa. Lakini hakuna Bwana Shauri wala Katibu Kata aliyepata kumwamuru mkulima wa Nkololo, huko Bariadi, mbali kabisa na bahari, aamke na hasira eti kwa sababu kipa wa klabu fulani ya Dar es Salaam ameachwa na kocha wa timu ya taifa. Hasira hiyo aliitafuta mwenyewe, akaigharimia mwenyewe, tena kwa kununua betri.

Ndugu msomaji, ninapoandika historia ya ubishi huu sitafuti kichekesho. Nataka kuuliza swali moja: mtu wa Nkololo anapobishana kuhusu nani apangwe timu ya taifa, anagombania nini hasa?

Tuanze na ngoma, maana ubishi wa makundi mawili haukuanza na mpira. Kabla ya Yanga kuzaliwa mwaka 1935, na Simba mwaka mmoja baadaye (wazee wengine bado wanaiita Sunderland, jina lililoachwa mwaka 1971), Wasukuma walikuwa tayari na Bagika na Bagalu. Ni vyama viwili vya ngoma ambavyo asili yake inasimuliwa kwa waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Mavuno yakishaingia ndani, kuanzia Juni hivi, pande mbili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila upande na manju wake na dawa zake. Mshindi ni yule atakayevuta watu wengi kumzunguka. Hakuna refa. Watazamaji ndio waamuzi, na wanaamua kwa miguu yao: ukichoshwa na huyu unavuka kwenda kwa yule.

Kwa hiyo Simba na Yanga zilipofika zilikuta viti viwili vimeshapangwa. Hata suala la dawa halikumshangaza mtu. Kilichobadilika ni kimoja, na ndicho kikubwa. Kwenye ngoma aliyehukumu alikuwa ameona kwa macho yake. Kwenye mpira alihukumu kwa sikio.

Sikio hilo lilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Wasukuma wa zamani walijenga mbalimbali, kaya huku na kaya kule, katikati mashamba na ng'ombe. Operesheni Vijiji ikawakusanya. Shule, duka, ofisi ya kijiji na ghala la pamba vikawa karibu karibu, na penye duka pakawa na redio. Mimi naamini, na anayepinga apinge, kwamba bila vijiji vile mpira wa Dar es Salaam ungechelewa sana kuwa mpira wa Nkololo. Redio moja ilitosha watu thelathini. Betri zikichoka zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo, walau za kipindi cha pili. Mshindo Mkeyenge akitangaza, kila msikilizaji alijichorea uwanja wake kichwani, ndiyo maana mechi ilipokwisha kila mmoja alikuwa ameona mechi tofauti.

Mara chache mpira ulisogea karibu. Mwaka 1974 Simba na Yanga zilikutana Mwanza, Uwanja wa Nyamagana, kuamua ubingwa wa taifa. Adam Sabu akaifungia Simba mapema, Gibson Sembuli akasawazisha dakika za mwisho, na Sunday Manara akamaliza kazi katika muda wa nyongeza. Yanga 2, Simba 1. Kanda ya Ziwa haijaisahau siku ile mpaka leo. Lakini angalia: hata siku hiyo, Mwanza ilitoa uwanja tu. Wachezaji walikuja na kurudi.

Mwaka ambao ubishi wa timu ya taifa ulikolea kuliko yote ni 1979. Vita ya Kagera ilikuwa ndiyo kwanza imekwisha. Mwalimu alikuwa ametuambia tufunge mikanda kwa miezi kumi na minane. Sabuni shida, mafuta ya taa shida, betri ndiyo usiseme. Katikati ya dhiki hiyo Taifa Stars ikawa inaitafuta nafasi ya kwenda fainali za Mataifa ya Afrika, na iliyosimama njiani ni Zambia.

Hebu fikiria wabishi wa wakati ule walikuwa na nini mkononi. Golini, Athumani Mambosasa wa Simba au Juma Pondamali wa Pan African? Hilo peke yake lilimaliza mchana mzima. Nyuma, Jella Mtagwa na Leodegar Tenga, hapo hata watu wa Simba walinyamaza. Lakini Pan African yenyewe ilikuwa mtoto wa Yanga, imezaliwa na ugomvi wa katikati ya miaka ya sabini. Basi swali likazuka: mchezaji wa Pan ahesabiwe ni wa Yanga au si wa Yanga? Kuna waliosema mtoto hata akihama nyumbani habadilishi ukoo. Wengine wakasema aliyeondoka kwa ugomvi hana tena chungu jikoni. Mohamed Kajole wa Simba, Juma Mkambi wa Yanga, kila jina lilipimwa kwenye mizani kama pamba, na kama kwenye pamba, kila upande ulidai mizani ya mwenzake imechezewa.

Jina likisomwa redioni, swali la kwanza lilikuwa moja tu: "Wa wapi huyo?"

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Katika maisha ya kawaida ya Usukumani, "wa wapi" maana yake ni kwenu wapi, mtoto wa nani, wa ukoo gani. Mgeni akifika huulizwa hivyo kabla ya kupewa maji. Lakini kwenye timu ya taifa jibu lilikuwa "Simba", "Yanga", "Pan". Hakuna aliyejibu "Kigoma" au "Tanga", na kamwe hakuna aliyejibu "Bariadi". Swali la nyumbani lilikuwa limehamia Kariakoo, na halikurudi.

Bwana, mambo yakaenda vizuri. Agosti 1979 Stars ikaifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam, kisha ikaenda Ndola. Zambia wakatangulia. Zikiwa zimebaki dakika chache Peter Tino akasawazisha, 1-1, na Tanzania ikapita. Machi 1980, Lagos, tukafungwa na Nigeria 3-1, na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Mkambi alifunga bao la kwanza, Thuweni Ally mawili yaliyofuata. Baada ya hapo tulikaa miaka thelathini na tisa bila kurudi.

Si sisi peke yetu tunaogombana hivi. Afrika Kusini, kwenye raga, orodha ya timu ya taifa ilikuwa kwa muda mrefu orodha ya nani anahesabiwa kuwa mwananchi. Mtu mweusi wa kwanza kuvaa jezi ya Springbok, Errol Tobias, aliivaa mwaka 1981. Walipotwaa Kombe la Dunia mwaka 1995, kikosi kizima kilikuwa na mchezaji mmoja tu asiye mzungu, Chester Williams. Kule hata asiyejua sheria za raga alielewa kinachobishaniwa. Kwetu mlango haukufungwa kwa rangi wala kwa sheria. Ulikuwa umbali tu. Kijana wa Nkololo aliyeng'ara kwenye UMITASHUMTA alitakiwa aonekane Bariadi, kisha Shinyanga (Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012), kisha Mwanza, pengine Pamba au Toto Africans, ndipo achukuliwe na wakubwa wa Dar es Salaam. George Masatu na Hussein Masha walipita Pamba kabla ya Simba. Walau wao walikuwa na Pamba. Nauli ya kutoka kijijini hadi kwenye majaribio Mwanza haikuwa ndogo kwa nyumba inayosubiri malipo ya pamba, na malipo yenyewe yalijulikana kwa kuchelewa.

Mabadiliko yamekuja, sikatai. Tangu 1994 pana televisheni, baadaye simu. Samatta alipokwenda Lubumbashi, kisha Ubelgiji, "wa wapi huyo" ilipata majibu mapya: Mazembe, Genk. Lakini ugomvi haukupoa. Agosti 2018 kocha Emmanuel Amunike aliwaondoa kambini wachezaji sita wa Simba, pamoja na Feisal Salum wa Yanga, kwa kuchelewa kuripoti, siku chache kabla ya kuikabili Uganda. Sita kwa mmoja! Vijiweni hesabu hiyo ilitosha. Sababu ya kuchelewa haikusikilizwa na mtu. Stars ikatoka 0-0 Kampala. Machi 24, 2019 ikaifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam, Msuva, Nyoni kwa penalti, na Aggrey Morris, tukarudi fainali. Erasto Nyoni huyo alikuwa mmoja wa wale sita.

Ukipita Nkololo siku orodha inapotangazwa utawakuta pale penye pikipiki, mmoja ameshika simu anasoma, wengine wamemzunguka kama kwenye ngoma. Anasoma jina, wanauliza wa wapi, anataja klabu, upande mmoja unashangilia na mwingine unaguna. Anaendelea na la pili. Husoma yote mpaka la mwisho, kisha anarudisha simu mfukoni na kupakia abiria wa kwenda Bariadi.