Ingamwana

Ingamwana ni desturi ya Wanyakyusa wa Kyela, Rungwe na Busokelo, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, inayomtenga mkamwana na baba mkwe wake kwa mwendo na kwa maneno. Mwanamke aliyeolewa hakutakiwa kukutana na mkwewe ana kwa ana wala kumtazama. Hakutakiwa pia kutamka jina lake, na katazo hilo halikuishia hapo: neno la kawaida lililofanana kwa sauti na jina la mkwe nalo liliachwa, hata kama lilitaja kitu cha jikoni au shambani. Pengo lilizibwa kwa neno lenye maana ileile, kwa maelezo ya kuzungukia, au kwa neno la kuazima. Hivyo wake wa koo mbalimbali waliweza kukiita kitu kimoja kwa majina tofauti, na bado wakaelewana.

Heshima huonekana pia katika salamu za Kinyakyusa. Mtu mmoja husalimiwa *ugonile*, yaani “umelala”; anayestahiwa huambiwa *mugonile*, kwa umbo la wingi. *Ndaga* huitikia salamu na pia hutoa shukrani. Muktadha ndio unaoamua.

Wanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey waliwachunguza Wanyakyusa katika miaka ya 1930. Stefanie Kolbusa akaandika utafiti kuhusu ingamwana mwaka 2000. Desturi inayokaribiana nayo ni hlonipha ya Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini.