Mtoro Kabla Neno Halijafika Shuleni

Kama ulikuwa Nairobi kati ya 2010 na 2013, unaijua Spartacus hata kama hukuitazama. Pale Woodley tulikuwa tunainunua kwa DVD za kuchomwa, bob hamsini diski moja, jalada limepigwa fotokopi hadi damu imekuwa rangi ya chai. Ukimaliza unampa jirani, jirani anampa binamu yake Kibera, na diski hairudi. Si kitu ya kutazama na mzazi ameketi sebuleni, hiyo kila mtu alijua. Mashujaa wenyewe walikuwa wamepakwa mafuta kama chapati, na damu ilikuwa inaruka hadi kwenye kioo cha kamera.

Lakini stori yenyewe ni ya kweli. Mwaka 73 kabla ya Kristo, kundi la watumwa wapatao 70 walitoroka shule ya kufunzia upiganaji mjini Capua, wakiwa wamejihami kwa visu na vyuma vya jikoni. Wakapanda mlima Vesuvius. Jeshi la Roma likaziba njia ya kushuka, nao wakasuka kamba za mizabibu mwitu wakashukia upande usiolindwa. Walikuja kuwa makumi ya maelfu. Mwaka 71 Crassus akawamaliza, na watu 6,000 wakasulubiwa kando ya barabara kutoka Capua hadi Roma. Mwili wa Spartacus haukupatikana.

Kilichonikaa kichwani baada ya msimu wa mwisho hakikuwa upanga. Ni swali: sisi tulikuwa na nani?

Maana ukikumbuka historia ya darasani, somo la utumwa pwani lilikuwa na Sultani, Livingstone, misafara ya pembe za ndovu na mkataba wa 1873 uliofunga soko la Zanzibar. Watumwa walikuwemo, sawa, lakini kila kitenzi chao kilikuwa cha kutendwa: walikamatwa, walisafirishwa, waliuzwa, walikombolewa. Hakuna mahali walipofanya kitu. Unamaliza kidato cha nne ukiamini kwamba watu walikaa kwenye minyororo wakisubiri meli ya Waingereza.

Wengine wakitafuta Spartacus Mwafrika hukimbilia Iraki, kwenye vita vya Wazanji. Na kweli ni kubwa: kuanzia 869 watumwa waliokuwa wakikwangua chumvi kwenye ardhi ya kusini mwa Iraki walipigana na dola ya Abbasi kwa miaka 14, wakaiteka Basra mwaka 871, wakajijengea mji mkuu, wakapiga hata sarafu zao. Ila kiongozi wao, Ali bin Muhammad, hakuwa mtumwa, na moja ya ahadi zake ilikuwa kwamba wafuasi wake nao watamiliki watumwa. Pia wanahistoria bado wanavutana ni wangapi kati yao walitoka upande wetu huu wa bahari. Mimi sitaki kwenda mbali hivyo wakati jibu liko Kilifi.

Jibu ni mtoro.

Leo mtoro ni mtoto anayekosa shule. Naibu mwalimu mkuu anasoma majina ya watoro mbele ya paredi, na mzazi anaitwa. Lakini kwenye karne ya 19, kutoka Lamu mpaka Pangani, mtoro alikuwa mtumwa aliyemtoka bwana wake. Ni neno la bwana, utaona. Linamtazama mtu kutoka mlangoni pa nyumba aliyoiacha. Yeye mwenyewe, huko alikofika, sidhani kama alijiona anakosa mahali fulani.

Na walikuwa wengi. Malindi ilipofufuliwa miaka ya 1860 chini ya Sultani wa Zanzibar, iligeuka ghala la nafaka: mtama na ufuta ulijaa majahazi kwenda Arabuni. Mashamba hayo yalilimwa na watu walioletwa kutoka mbali, wengi kutoka upande wa Ziwa Nyasa, kila mmoja akipimiwa ngwe yake ya kumaliza kwa siku. Mashamba yalivyopanuka, ndivyo watu walivyozidi kupotelea kwenye nyika ya nyuma ya pwani. Baadhi walikwenda Witu, kwa Sultani Ahmad aliyeitwa Simba, ambaye aliwapokea mradi wawe askari wake. Tusiwapake mafuta na wao: watoro wa Witu walivamia mashamba, na wakati mwingine waliteka watu wakauza. Kutoka utumwani hakumfanyi mtu malaika.

Wengine walichagua jembe. Ndipo inapokuja Fuladoyo, kijiji kilichoanza karibu 1879, bara ya Takaungu. Waanzilishi walikuwa Wagiriama Wakristo waliokuwa na uhusiano na misheni ya Rabai, na watoro wakaanza kumiminika. Mwalimu wao wa dini alikuwa David Koi. Hapo watu waliotoka makabila tofauti kabisa, ambao kitu pekee walichoshirikiana ni kutoroka, walijenga nyumba, wakalima, wakaoana, wakazaa. Kwangu hii ni ngumu kuliko Vesuvius. Kushuka mlima kwa kamba ni usiku mmoja. Kupanda muhogo ni kusema: miezi minane ijayo nitakuwa hapa hapa, njooni.

Nao walikuja. Mwaka 1883 watu wa mabwana wa pwani waliishambulia Fuladoyo, na David Koi akauawa. Kijiji kilitawanyika. Halafu, na hii ndiyo sehemu ambayo hakuna mwandishi wa Hollywood angeiacha, baadaye watu walirudi.

Rabai kwenyewe kulikuwa na mchezo mwingine. Misheni ilikuwa chini ya Church Missionary Society, na rasmi haikutakiwa kuficha watoro, maana Uingereza ilikuwa na mapatano na Sultani na haikutaka kelele. Lakini waliokuwa wakiendesha mambo pale kila siku walikuwa Waafrika kama William Jones, ambaye mwenyewe alitolewa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa Nasik, India. Unamwambiaje mtu kama huyo amfukuze mtoro mlangoni? Mwaka 1888 Kampuni ya Imperial British East Africa ilipofika Mombasa ilikuta mabwana wamechemka: zaidi ya watoro 1,400 walikuwa wanaishi kwenye ardhi za misheni, wengine wakiwa wamekaa miaka.

George Mackenzie wa kampuni alilipa. Mabwana wakapewa fidia, na tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watoro wakakabidhiwa vyeti vya uhuru. Kwenye vitabu vingi hii inahesabiwa kuwa zawadi ya Mackenzie. Mimi naona hesabu nyingine: watu 1,400 walishajiondoa wenyewe, wakakataa kurudi, hadi ikawa rahisi kwa kampuni kulipa kuliko kupigana. Angalia pia nani alipata pesa. Utumwa ulipofutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, fidia ilienda huko huko, kwa mabwana.

Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani. Mwenye madai alete madai yake, serikali iyapime, impe cheti. Waliokuwa na maandishi, mashahidi wenye majina na njia ya kufika ofisini walijiandikisha. Ardhi iliyobaki bila mdai anayekubalika ikawa ya serikali ya kikoloni. Hapo ndipo wajukuu wa watoro, pamoja na Wamijikenda wengi, walipoanza kuitwa maskwota, neno ambalo bado unalisikia kila kampeni ikifika Kilifi.

Mtoro aliyekuwa amefyeka msitu, akachimba kisima na kuzika wazazi wa mke wake kwenye shamba lile lile kwa miaka 20, alikuwa na karatasi moja tu ya kuonyesha, ile ya Rabai. Ilikuwa inasema yeye ni huru. Haikusema analima wapi.