Kuwait na Bei ya Kunywa Bahari

Swali hili husikika kila kiangazi, na pengine nawe umewahi kuliuliza. Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na maji pande zote, mbona watu wananunua mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni? Mbona tusitoe tu chumvi kwenye haya maji ya bahari tuyanywe? Hapa huwa tunazungumza mambo ya programu na tarakilishi, lakini leo turudi nyuma kidogo kwenye historia. Jibu zuri liko Kuwait.

Kwanza tuelewane. Kutoa chumvi kwenye maji si siri. Aristotle, yule Mgiriki, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba mvuke wa maji ya bahari ukipoa unakuwa maji matamu. Mabaharia wa kale nao walijua kuchemsha maji ya bahari na kukusanya matone. Shida ni kuni. Kugeuza lita 1,000 za maji kuwa mvuke kunataka joto la takriban kWh 630, na hapo hujahesabu joto la kuyafikisha kwenye kuchemka. Kwa hivyo swali halijawahi kuwa "je, inawezekana?" Swali ni "nani atalipia moto?"

Sasa Kuwait. Nchi haina mto hata mmoja. Visima vilikuwa vichache, na mji ulipokua maji yake hayakutosha. Kuanzia 1925 maji ya kunywa yakawa yanaletwa kwa majahazi kutoka Shatt al-Arab, mto unaotokea pale Tigris na Frati zinapokutana. Mwaka 1939 ikaundwa kampuni ya kusimamia biashara hiyo ya maji.

Watu hawa si wageni kwetu. Majahazi ya Kuwait yalikuja na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar, yakarudi na kusi yamebeba boriti za mikoko za kujengea nyumba. Alan Villiers, baharia wa Australia, alisafiri na mojawapo katika msimu wa 1938-39 mpaka Rufiji, akaandika kitabu chake Sons of Sindbad. Hebu fikiria: taifa la manahodha walioijua bahari yote hii, na nyumbani kwao maji ya kunywa yananunuliwa kutoka jahazini. Bahari ikichafuka, mji unakaa na kiu.

Kilichobadilisha mambo ni mafuta. Yaligunduliwa Burgan mwaka 1938, na yakaanza kuuzwa nje mwaka 1946. Mwaka 1953 kiwanda kikubwa cha kwanza cha kutoa chumvi kikafunguliwa Shuwaikh, chenye uwezo wa galoni milioni 1 kwa siku, yaani kama lita milioni 4.5. Zingatia mpangilio huo: mafuta kwanza, maji baadaye. Elimu ya kuchemsha maji ilikuwepo tangu zamani. Kilichobadilika ni bei ya moto.

Hata hivyo, hata mwenye mafuta hapendi kuyachoma bure. Hapo ndipo anapoingia Robert Silver, mhandisi wa kampuni ya Weir huko Glasgow. Kwenye mfumo wake maji ya bahari yanapashwa moto mara moja, kisha yanapitishwa vyumba vingi vilivyofuatana, kila kimoja kikiwa na kanieneo ndogo kuliko kilichotangulia. Katika kila chumba sehemu ya maji hulipuka kuwa mvuke bila kuongezewa moto. Mvuke huo unagusa mabomba yenye maji baridi ya bahari yanayoingia, unapoa na kuwa maji matamu, na joto lake linayapasha yale yanayoingia. Waandishi wa programu wataitambua mbinu hii: ukishalipia hesabu ngumu mara moja, hifadhi jibu ulitumie tena. Kufikia 1960 Kuwait ilikuwa na mitambo ya aina hii.

Wakati huohuo Marekani walikuwa wakitafuta njia isiyo na moto kabisa. Charles Reid, huko Florida, alikuwa ameonyesha kwamba utando wa plastiki fulani huzuia chumvi na kupitisha maji, ila maji yalipita polepole mno. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, katika chuo cha UCLA, wakatengeneza utando wenye ngozi nyembamba sana juu ya tabaka lenye matundu. Maji yakapita kwa kasi ya kufaa. Mwaka 1965 mji wa Coalinga, California, ukaanza kusafisha maji ya chumvichumvi ya kisima kwa njia hiyo.

Leo utando ndio unaotawala viwanda vipya. Pampu husukuma maji ya bahari kwa kanieneo ya bar 55 hadi 70, na tairi ya gari, kwa kulinganisha, ina kama bar 2. Lita 1,000 hutumia kWh 3 hadi 4. Kweli, kWh ya stima ni ghali kuliko kWh ya joto, lakini tofauti na ile 630 inajieleza.

Kuna funzo moja chungu. Iraq ilipoivamia Kuwait mwaka 1990 na majeshi yake kufukuzwa mwaka 1991, mitambo ya stima na ya maji iliharibiwa vibaya, na maji ya kunywa yakabidi yaletwe kutoka nje. Mji uliojitoa kwenye utumwa wa jahazi ulikuwa umejifunga kwenye mtambo wa stima.

Turudi kwetu. Mombasa hunywa maji ya Mzima tangu 1957, yanayoteremka yenyewe kwa bomba la zaidi ya kilomita 200. Kiunga, kaunti ya Lamu, ilipata mtambo wa utando unaotumia jua mwaka 2018. Mwaka huohuo kaunti ya Mombasa ikatangaza mpango wa kusafisha maji ya bahari.

Piga hesabu mwenyewe. Kwa kWh 3.5, mtungi mmoja wa lita 20 unataka stima ya taa ya wati 10 kwa saa 7. Ni kidogo sana. Lakini lita milioni 100 kwa siku zinataka zaidi ya megawati 14, usiku na mchana, bila kukatika.

Basi mwanasiasa akija kukuahidi maji ya bahari, usimuulize kuhusu mashine. Mashine zipo. Muulize stima itatoka wapi, na bili italipwa na nani mwaka wa kumi.