Bweni, Dirisha na Wodi: Kudhibiti Homa ya Mafua katika Vyuo vya Kwale

Homa ya mafua huletwa na virusi vya influenza, hasa aina A na B, vinavyoshambulia pua, koo na mapafu. Aliyeambukizwa huanza kuumwa baada ya siku 1 hadi 4, na huweza kuwaambukiza wengine tangu siku moja kabla ya kujihisi mgonjwa hadi siku 5 au 7 baadaye. Kwa hiyo wanaolala chumba kimoja huwa wameshaambukizana kabla ya yeyote kati yao kwenda zahanati. Ugonjwa huu si wa kupuuzwa Pwani ya Kenya. Uchunguzi wa kumbukumbu za kikoloni za Mkoa wa Pwani, uliochapishwa mwaka 2019, ulikadiria kuwa mlipuko wa 1918 uliua watu 25.3 katika kila 1,000 kwa mwaka.

Mafua yakizuka chuoni, jibu linalokuja mdomoni upesi ni lile la Machi 2020: mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa nchini tarehe 13, na kufikia tarehe 20 vyuo vikuu vilitakiwa viwe vimefungwa. Kwa mafua ya kila mwaka, jibu hilo ni kosa. Wanaolitetea hutaja miji ya Marekani iliyofunga shule mapema mwaka 1918 ikapunguza vifo katika kilele cha mlipuko. Ushahidi huo ni wa kweli, lakini watoto wengi wa shule zile walikuwa wakilala kwao kila usiku. Mwanafunzi wa bweni la Kwale akifukuziwa nyumbani, hupanda matatu Ukunda, huvuka kivuko cha Likoni katikati ya umati wa feri, kisha hulala chumba kimoja na wadogo zake au bibi yake. Utafiti wa kaya uliofanywa Kilifi mwaka 2009 na 2010 kuhusu virusi vya mfumo wa upumuaji viitwavyo RSV, ambavyo njia zake za kusambaa zinakaribiana na za mafua, ulionyesha kuwa watoto wachanga waliambukizwa mara nyingi na ndugu zao wanaosoma. Kinyume cha kufukuza kilifanyika Kisumu: mgonjwa wa kwanza wa mafua ya H1N1 kuthibitishwa Kenya, tarehe 29 Juni 2009, alikuwa mwanafunzi Mwingereza aliyesafiri na wenzake, na kundi lake likazuiliwa hotelini. Hatua hiyo haikuizuia nchi kupata maambukizi, ila waliokuwa hatarini walijulikana walipo. Kirusi kipya kabisa ambacho hakijafika chuoni huenda kikadai hukumu tofauti.

Kinachostahili kupewa uzito ni hewa ya chumba cha kulala. Katika Chuo Kikuu cha Maryland, watafiti walikusanya pumzi za wagonjwa 142 wa mafua kwa dakika 30 kila mara, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Virusi hai vilipatikana katika asilimia 39 ya sampuli za chembe ndogo sana, zile zinazoelea hewani badala ya kuanguka mezani. Kikohozi hakikuwa sharti. Kupumua tu kulitosha. Matokeo hayo yanagonga moja kwa moja maisha ya bweni, kwa sababu mtu halali amefunika mdomo, na anayelala saa nane huvuta hewa ya wenzake saa zote nane.

Hapa Kwale ina tatizo lake, ambalo miongozo iliyoandikwa kwa nchi za baridi hailigusi. Jua likichwa, madirisha hufungwa kwa ajili ya mbu. Tahadhari hiyo ina sababu: Pwani ni ukanda wa malaria, na mbu wa Anopheles huuma usiku. Lakini dirisha lililofungwa kumkwepa mbu huyafungia mafua ndani, hasa wakati wa masika, mvua inapowarudisha wote vyumbani mapema. Upepo wa kusi unavuma nje, na chumba hakiupati. Suluhisho halihitaji mtambo: wavu wa waya katika madirisha ya pande mbili zinazotazamana, chandarua kwa kila kitanda, na vitanda vilivyoachana. Itasemwa kuwa wavu hupunguza upepo. Ni kweli, hasa ukishika vumbi, na ndiyo maana lazima usafishwe. Hata hivyo dirisha lenye wavu hupitisha hewa kuliko lililofungwa. Fedha za wavu zihesabiwe kama fedha za kuzuia magonjwa mawili.

Barakoa na sabuni zina nafasi, ila ndogo kuliko inavyodaiwa. Jaribio la mabweni ya Chuo Kikuu cha Michigan, msimu wa 2006 na 2007, lilipata dalili za mafua zikipungua kwa asilimia 35 hadi 51 kati ya wiki ya nne na ya sita kwa waliovaa barakoa na pia kusafisha mikono. Barakoa peke yake haikuonyesha tofauti ya kutegemewa.

Utambuzi nao unakwazwa na neno. Mwanafunzi husema ana “homa”, na neno hilo hubeba joto la mwili, malaria na mafua pamoja. Hupimwa malaria, na kipimo kisipoonyesha kitu hurudi chumbani na dawa ya maumivu. Muuguzi wa chuo anapaswa kuuliza zaidi: kikohozi kipo? Wenzako wa chumbani wanaumwa? Watatu wa chumba kimoja wakiumwa ndani ya siku mbili, hiyo ni taarifa ya kupelekwa kwa afisa wa afya. Mgonjwa atengewe chumba chenye hewa na aletewe chakula, asirudi darasani hadi saa 24 zipite bila joto na bila dawa ya kulishusha. Mjamzito au mwenye pumu apelekwe hospitalini mapema, kwa kuwa dawa ya mafua iitwayo oseltamivir hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48.

Uzito wa mwisho uko wodini. Wanafunzi wa chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC Msambweni hujifunza kazi katika hospitali ya rufaa ya kaunti, karibu na wajawazito, wachanga na wazee. Mwanafunzi anayekohoa asiingie zamu, na kukosa huko kusimharibie alama, la sivyo ataficha. Kinga nyingine ni chanjo. Kamati ya kitaifa ya ushauri wa chanjo ilipendekeza mwaka 2016 chanjo ya mafua kwa watoto wa miezi 6 hadi 23. Shirika la Afya Duniani huwaweka wahudumu wa afya katika makundi ya kwanza, na anayemgusa mgonjwa akiwa mwanafunzi hana tofauti na mwajiriwa mbele ya kirusi. Mafua huzunguka Kenya mwaka mzima, kwa hiyo kusubiri msimu hakuna maana: chanjo itolewe wiki mbili kabla ya zamu ya kwanza wodini, muda ambao mwili huhitaji kujenga kinga.