Vipimo vitatu vinavyoamua hatima ya sheria za upendeleo Marekani

Sheria ikiwatengea nafasi watu waliobaguliwa kwa miaka mingi, hiyo ni haki au ni ubaguzi mwingine? Nchini Marekani, jibu hutegemea sana kipimo ambacho mahakama itatumia kuikagua.

Chanzo ni Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1868 baada ya utumwa kufutwa. Yanakataza jimbo lolote kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Kutokana na maneno hayo, majaji wameweka ngazi tatu.

Kipimo chepesi
Ni cha sheria za kawaida, kwa mfano zinazotofautisha watu kwa kipato. Serikali ikionyesha sababu inayoingia akilini, inatosha. Nyingi hupita.

Kipimo cha kati
Hiki ni cha jinsia, tangu mwaka 1976. Lengo lazima liwe muhimu, na njia iliyotumika ihusiane nalo kwa karibu.

Kipimo kikali
Hiki ni cha rangi. Serikali lazima ithibitishe kuwa ina lengo zito kabisa, na kwamba njia yake haivuki mipaka ya lengo hilo. Sheria chache sana huponea hapa.

Ugomvi uko wapi?
Je, sheria ya kuwainua weusi ipimwe sawa na ile ya kuwakandamiza? Jaji Thurgood Marshall alisema hapana: kurekebisha dhuluma si sawa na kudhulumu. Alishindwa. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilifuta mpango wa jiji la Richmond uliotaka asilimia 30 ya thamani ya kandarasi iende kwa kampuni za watu wa jamii za wachache. Kuanzia hapo, kipimo kikali kikawa cha majimbo na majiji yote. Mwaka 1995 serikali kuu nayo ikaingizwa humo.

Vyuo vikuu je?
Mwaka 1978 mahakama ilikataa chuo cha udaktari cha California kutenga nafasi 16 kati ya 100, lakini ikaruhusu rangi iwe kigezo kimoja kati ya vingi. Mwaka 2003 ikaukubali utaratibu wa namna hiyo katika shule ya sheria ya Michigan, kwa kura 5 dhidi ya 4.

Juni 29, 2023 mambo yakageuka. Katika kesi za Harvard na North Carolina, majaji walisema malengo ya vyuo hivyo hayapimiki na hayana mwisho unaojulikana. Mipango yote miwili ikaanguka.

Kilichobaki
Mwombaji bado anaweza kueleza kwenye insha yake jinsi rangi ilivyogusa maisha yake. Na upendeleo unaotazama kipato cha familia pekee kwa kawaida hukutana na kile kipimo chepesi.